Magurudumu ya Shibiri Tano

Mtunda, 9 Shaabani 1323

Kwa kaka yangu Sadallah bin Bashiru, aliyeko Dari Salama kwenye karakana ya magari.

Salamu nyingi. Sisi ni wazima kiasi, na hicho kiasi ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Mama ameanguka kutoka juu ya dungu la mpunga. Habari zimezagaa kwamba askari wakifika mahali huanza na vyakula, basi akapanda kuushusha mpunga ili aufukie shimoni kabla hawajaja. Nilimwambia asubiri nimalize kutwanga. Unamjua. Ngazi iliteleza, yeye akaja chini na tenga likamfuata. Nyonga ya kulia imevunjika. Mganga wa mifupa amemfunga kwa mianzi, anasema itaunga lakini haitakuwa ile ya zamani. Akilala hatulii, akikaa hakai muda, na akitikiswa kidogo tu hupiga ukelele ambao sikuusikia kwake hata siku tuliyomzika baba.

Nataka nimpeleke Maparoni kwa mama mdogo Mwanaidi kabla mto haujajaa. Huko vita havijafika, samaki wapo na wali upo. Zamani nisingekusumbua. Mgonjwa wa hapa hubebwa kwa machela, wanaume wanne chini yake na wanne wa kupokezana, na hakuna anayekataa kutoa bega lake. Lakini wanaume wako wapi? Nusu wamekunywa maji ya dawa wakaenda kupigana na Wadachi, nusu wamekamatwa kubeba mizigo ya Wadachi. Mume wangu yumo katika nusu hiyo ya pili, na tangu Rajabu sijapata habari zake. Waliobaki ni wazee ambao wao wenyewe wanahitaji machela. Tupo mimi na jirani yangu Semeni, na wanawake wawili hawawezi kubeba machela mwendo wa siku mbili.

Ila wanaweza kusukuma. Wewe kila ukiandika hujisifu kwamba unachonga magari. Haya, mchongee mama gari dogo la kusukumwa na wanawake wawili, lisilomtikisa. Hilo la kutomtikisa ndilo jambo lenyewe, mengine nitayavumilia. Barua hii anakuja nayo Ussi, yule anayeuza nguo huku na kununua mpunga. Majibu mpe yeye.

Wasalaam. Ni mimi nduguyo Mwanahawa binti Bashiru, kwa mkono wangu.


Dari Salama, 27 Shaabani 1323, ambayo kwa hesabu ya huku ni 27 Oktoba 1905

Kwa ndugu yangu mpenzi Mwanahawa.

Tarehe ya pili usiicheke, karakana hii haijui Shaabani. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikatafuta mahali pa kukaa. Mpe mama pole zangu na mwambie mwanawe hajamsahau.

Gari nitalitengeneza. Tajiri wangu ameniruhusu nitumie mabaki ya mbao baada ya kazi. Nimeshafikiri na nimeshachora. Magurudumu mawili, kila moja shibiri tatu kwenda juu, upana wa vidole viwili, na pete ya chuma ukingoni. Gurudumu dogo ni jepesi, halitawachosha. Kiti kitakuwa chini, kwa hiyo mama atapandishwa bila kunyanyuliwa sana. Ndivyo yalivyo magari ya kuvutwa ya mabwana wa huku, na mabwana hawa hawapandi kitu kinachowaumiza. Nitalipaka rangi nyekundu, mama anaipenda.

Niambie tu uzito wake siku hizi, na kama njia ina mambo ninayopaswa kuyajua. Nimeondoka huko miaka sita sasa, nakumbuka mchanga tu.

Wasalaam, nduguyo Sadallah.


Mtunda, 14 Ramadhani 1323

Kwa kaka Sadallah.

Nimepokea barua na mchoro. Mchoro ni mzuri, nimeubandika ukutani, lakini gari hilo usilitengeneze. Mabwana wako wanapita penye barabara iliyofagiliwa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nawe umeupima mzigo wangu ukiwa huko.

Nimefanya hivi. Nimechukua ungo wangu mkubwa na kifuniko cha chungu, nikaenda na Semeni penye njia ile iliyochimbwa na nguruwe, tukaviviringisha vyote viwili kutoka juu. Watu walidhani njaa ya saumu imetupanda kichwani. Kifuniko kiliingia katika kila shimo, kikatoka, kikaingia jingine, na mwisho kikalala. Ungo ulipita juu ya mashimo hayohayo kana kwamba hayapo. Tumerudia mara saba. Basi gurudumu liwe kubwa, shibiri tano lisipungue. Najua litakuwa zito. Tutatoa jasho sisi, mama hatatikisika.

Upana nao uwe wa kiganja kizima. Pete yako ya vidole viwili itakata tope kama kisu na kuzama. Chuma pia sikitaki, kila jiwe litamfikia mama mfupani. Nakutumia mipira kumi na minane ya porini, tuliyoigema mwaka jana. Ikate, izungushe ukingoni tabaka kwa tabaka, halafu uivishe ngozi ya ng'ombe. Ngozi uishone ikiwa mbichi, mshono ukae ubavuni usikanyage chini. Ikikauka itabana yenyewe. Kama kiti kitakuwa juu mno, hilo ni lako, wewe ndiye fundi.

Uliuliza njia. Mchanga unaoukumbuka unaishia kwenye makaburi. Baada ya hapo ni bonde lenye udongo mweusi, na mvua za vuli zimeshaanza. Watu hapa wanaziomba hizo mvua kuliko kitu kingine. Udongo ukilowa, wapagazi wa Wadachi huzama mpaka magotini, na mara mbili askari wamerudi walikotoka wakaacha mizigo njiani. Tope ndilo boma letu. Sisi tutapita kwa kuwa tunajua pa kukanyaga. Unapofika kwenye mvule ulioanguka unaiacha njia kubwa, unashika mkono wa kushoto. Huko chini ya tope kuna mchanga mgumu, upana wake ni dhiraa tatu tu, kwa hiyo magurudumu yasiachane zaidi ya dhiraa mbili. Kisha kuna vijito vitatu. Viwili vina changarawe. Cha tatu kina magogo yaliyoachana shibiri moja, na gurudumu lako dogo lingenasa humo mpaka Kiyama.

Uzito wa mama ni frasila mbili na nusu, na unapungua. Fanya upesi.

Wasalaam, nduguyo Mwanahawa, kwa mkono wangu.


Dari Salama, 18 Mfungo Mosi 1323, yaani 16 Desemba 1905

Kwa ndugu yangu Mwanahawa.

Nakubali nimeshindwa na ungo. Nimefanya kila ulilosema: shibiri tano, kiganja kizima, mpira ndani na ngozi juu, mshono ubavuni. Suala la kiti nimelimaliza hivi. Mhimili wa chuma unaoshika magurudumu nimeupinda katikati ushuke chini, na juu yake nimetundika kitanda kidogo cha kamba kutoka kwenye fremu, kinaning'inia bila kugusa chuma. Mama atalala chali, miguu mbele, chini kuliko vitovu vya magurudumu. Nilipanda mwenyewe na bakuli la uji kifuani, wenzangu wakanisukuma juu ya matofali yaliyotupwa uani. Nilipoteza vijiko viwili tu vya uji. Kazi nzuri kama hii sijapata kuifanya hapa, na nasema bila kujisifu.

Sasa sikia habari ya kukufurahisha. Siku hiyo alikuwapo bwana mmoja wa Serikali, amekuja kuagiza magari ya mizigo. Akaona, akauliza kwa nini gurudumu kubwa hivi na pana hivi. Sikuweza kumweleza vizuri, nikaitoa barua yako nikamsomea tangu mwanzo hadi mwisho, na karani wake akawa anaandika. Kwenye ungo alicheka sana. Akauliza aliyeandika ni nani, nikasema ni dada yangu, naye akasema huyo angefaa kusimamia karakana. Mafundi wote walikuwa wanasikia. Nilijivuna, Mwanahawa, siwezi kukuficha.

Matokeo yake, tajiri ameagizwa magari kumi na mawili ya mtindo huo, na magurudumu ya mama yamechukuliwa kwanza kama kielelezo. Magari sita tayari yameshaondoka. Mpira upo mwingi ghalani kwake, haikuwa taabu. Ya mama nimeyaanza upya usiku wa jana, yatachelewa wiki tatu hivi. Nivumilie. Mwambie mama gari lake limekuwa mwalimu wa magari mengine.

Wasalaam, nduguyo Sadallah.


Mtunda, 8 Mfungo Pili 1323

Kwa Sadallah bin Bashiru.

Ussi amekwamishwa na mvua, hajafika, kwa hiyo sijui umejibu nini barua yangu ya mwisho. Hii nampa mtu anayekwenda pwani kwa miguu.

Juzi, Jumanne, askari walifika. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo na hakuna aliyewatazamia. Hatukusikia kitu. Magari ya pete za chuma hulia ukayasikia ukiwa bado shambani, ukapata nafasi ya kukimbia. Haya yalikuja kimya, sita, kila moja na wapagazi wanne, yamebeba bunduki na masanduku. Yalitokea upande wa mvule ulioanguka, kushoto.

Nikayaona magurudumu. Makubwa, mapana kiganja kizima, ngozi juu, mshono ubavuni. Niliyajua kabla sijauona uso wa askari hata mmoja.

Wameutwaa mpunga wote walioupata, wakaujaza kwenye magari, na uliobaki wakauchoma moto na maghala yake. Nyumba kumi na moja zimeungua. Mume wa Semeni, mzee Mohamedi, alisimama mlangoni mwa ghala lake kuwaomba wamwachie mbegu. Walimpiga risasi hapohapo. Tumemzika jana, tukiwa wanawake na wazee watatu. Nyumba yetu haikuguswa, sijui kwa nini. Mama alikuwa kitandani akisikia yote.

Watu wanauliza nani aliwaonyesha njia ya kushoto. Wanasema ni Gharibu wa Mahege, kwa kuwa alipita hapa mwezi uliopita akinunua kuku na anajuana na askari. Watu wa hapa walimkamata bondeni, wakampiga mpaka akashindwa kusimama, wakamwambia asikanyage tena Mtunda. Aliapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hajui kitu. Nilikuwapo. Nilinyamaza.

Sikulaumu bado. Nataka jambo moja tu uniambie: barua yangu ulimsomea nani?

Mwanahawa.


Dari Salama, 25 Mfungo Pili 1323

Kwa ndugu yangu Mwanahawa.

Jibu lake limo katika barua iliyokuwa kwa Ussi. Ussi amerudi juzi, anasema ameshakufikishia. Niliiandika kwa furaha, na hilo ndilo linaloniua.

Sikukusudia. Najua neno hilo halimfufui mzee Mohamedi. Nilipoulizwa kwa nini gurudumu ni kubwa, nilisahau kwamba sababu yake ni njia, na njia ina watu mwishoni. Nilikuwa nafikiria nyonga ya mama na sifa yangu mbele ya mafundi wenzangu. Karani alipoandika habari za mvule nilimwona. Nikadhani anapenda jinsi ulivyoandika. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini ningekuwa na mdomo mzito kama baba, yasingemwagika.

Nilikwenda kwa tajiri nikamwambia sitaki kuyatengeneza tena. Akaniambia vizuri tu, bila hasira, kwamba fundi asiyetaka kutengeneza magari ataandikiwa kwenda kuyasukuma. Nimerudi kwenye kazi. Sitakudanganya, Mwanahawa: leo nimemaliza la tisa. Nimekuwa nikitafuta maneno ya kulipunguza jambo hili nisiyaone.

Gari la mama linakuja na Ussi, amelifungua vipande vipande. Kuliunga, anzeni na mhimili, kisha magurudumu, kisha pini mbili za chuma, moja kila upande, zipige kwa nyundo mpaka zisitikisike. Kamba za kitanda zikaze kila asubuhi. Sikulipaka rangi. Kama hamlitaki, lichomeni, nami nitaelewa. Ila mama bado hawezi kutembea, na mto unakuja.

Kazi ikinipa nafasi baada ya Mfungo Tatu, nitakuja niwaone, na nimwone Semeni, na Gharibu nikimpata. Niambie nije kwa njia gani.

Nduguyo Sadallah.


Maparoni, 19 Mfungo Tatu 1323

Kwa kaka Sadallah.

Tumefika. Mama yupo kwa mama mdogo Mwanaidi, amekula, amelala.

Gari lilipofika nililiweka siku tatu uani sitaki kuligusa. Watoto walipoliona walikimbia wakajificha. Mama akanifanya niamue. Alisema mto umefika kwenye shamba la chini na yeye hataki kupandishwa kuyakimbia maji, akafie juu ya dungu lilelile lililomwangusha. Nikaenda kwa Semeni. Sikuweza kumsukumisha gari lile bila yeye kujua, basi nikamwambia yote: ungo, barua, karani, na jinsi Gharibu alivyopigwa nami nikanyamaza. Nilimaliza akaendelea kupepeta. Kisha akasema niende nikawaambie na wengine kwanza, halafu nirudi.

Niliwaambia. Wazee watatu na wanawake wote, uwanjani, mchana. Mmoja alitema mate, mwingine alisema afadhali ningekufa na hayo. Hawakunipiga. Mwanamke mmoja ametumwa Mahege kumwomba Gharibu radhi, na sijui kama ataipokea. Nilipomaliza nikamkuta Semeni ameshashika mti wa gari upande wa kulia. Njia nzima hakusema nami neno lisilokuwa la kazi: sukuma, shikilia, ngoja. Mama yako amefika kwa mikono ya mwanamke uliyemfanya mjane, na mimi nilikusaidia kumfanya hivyo. Nataka ulijue hilo vizuri kama nilijuavyo mimi.

Sasa habari ya gari, maana utataka kujua. Halina kosa. Kwenye mashimo ya nguruwe lilipita, kwenye tope halikuzama zaidi ya kidole, kwenye magogo ya kijito cha tatu Semeni alijiandaa kulinyanyua na hapakuwa na haja. Mama hakulia hata mara moja. Mara mbili nilimkuta amesinzia.

Lakini kila kijiji tulichofika kilikuwa kitupu. Watu walikuwa wamekwisha kuziona alama za magurudumu kama yetu, yale ya askari, njiani kabla yetu, wakajua maana yake. Tuliingia mahali tukakuta sufuria bado jikoni inachemka, mwiko umo ndani, na hakuna mtu. Tuliita. Tulitaja majina yetu na ya baba, kwa Kiswahili na kwa Kindengereko. Nilisikia mtoto akizibwa mdomo kichakani, karibu nami kiasi cha kumshika mkono. Hawakutoka. Tulikunywa maji ya mtungi wao, tukaondoka ili warudi kwenye chakula chao. Ikawa hivyo vijiji vinne. Mama, aliyelala chali anatazama mawingu, aliuliza mara mbili kwa nini hapa hakuna anayetusalimu, na mara ya tatu hakuuliza tena, alikuwa amekwisha kuelewa.

Kwenye diko wenye mitumbwi nao walikimbia. Tuliliacha gari mbali, Semeni akabaki na mama, nikaenda peke yangu mikono nimeinua. Ndipo akatokea mzee mmoja. Tulimbeba mama kwa khanga mpaka kwenye mtumbwi, hatua kama mia mbili, na hapo ndipo alipolia, maana tulimtikisa. Gari limebaki pale. Sikulichoma, nililivua magurudumu nikayasukumia mtoni, na fremu mzee ameichukua kwa ajili ya kitanda.

Nilimuuliza mama niandike nini kutoka kwake. Akasema, "Mwambie Sadallah sikuumia garini. Mwambie ningependa ningeumia."

Umeuliza uje kwa njia gani. Njoo kwa miguu, kaka, katikati ya njia, mchana, ili watu wauone uso wako kabla hawajakimbia.

Nduguyo Mwanahawa binti Bashiru, kwa mkono wangu.